Kutoka Fort Bragg hadi Lugalo: kambi ipewe jina la nani?

Mwezi Februari 2025 waziri wa ulinzi wa Marekani, Pete Hegseth, alitia saini agizo la kurudisha jina la Fort Bragg, kambi kubwa ya jeshi katika jimbo la North Carolina ambayo kwa muda usiotimia miaka miwili ilikuwa ikiitwa Fort Liberty. Jina lilirudi, lakini mwenye jina hakurudi. Bragg wa zamani alikuwa Braxton Bragg, jenerali wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili kuulinda utumwa, ambaye hata kwa kipimo cha vita peke yake hakuwa mtu wa kujivunia, kwa kuwa mwaka 1863 alishindwa vibaya Chattanooga na akauachia ukamanda. Bragg wa sasa ni Roland Bragg, askari wa cheo cha chini kutoka Maine, aliyepigana Vita Kuu ya Pili kama askari wa miavuli na akapewa nishani kwa ushujaa aliouonyesha Ubelgiji, ambako aliliteka gari la wagonjwa la Wajerumani na kuliendesha mwenyewe ili kumfikisha mwenzake hospitali.

Habari hii niliikuta ikijadiliwa hapa Dodoma, kwenye kijiwe cha kahawa karibu na soko la Majengo. Miongoni mwa wanywaji alikuwamo mzee mmoja mstaafu wa JWTZ, jeshi la Tanzania, aliyepigana Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin, ambaye sote tunamwita Afande ingawa magwanda aliyavua zamani. Kijana aliyekuwa na simu alipomaliza kutusomea, mzee alimwomba arudie sehemu ya mwisho, kisha akauliza: “Kwa hiyo wamekwenda kumtafuta mtu mwingine mwenye jina lile lile?” Akajibiwa kwamba ndivyo. “Basi hao hawakuwa wakitafuta shujaa. Walikuwa wanataka kibao chao cha getini.”

Nimeyafikiria maneno hayo mara nyingi, na naona yanabeba nusu ya ukweli. Nusu nyingine inataka maelezo.

Kambi zilizohusika zilikuwa tisa, zote katika majimbo ya Kusini, na zilipewa majina ya majenerali wa waasi hao wa Kusini wakati wa vita viwili vya dunia, jeshi lilipohitaji ardhi ya huko na ridhaa ya wakubwa weupe wa huko. Kwa hiyo jina la Bragg halikuwekwa na watu waliomjua. Liliwekwa mwaka 1918, zaidi ya nusu karne baada ya vita vyake, ili kuwaridhisha wenyeji wenye sauti. Wenyeji wasio na sauti, yaani weusi, hawakuulizwa, ingawa watoto wao ndio walioingia kwenye mageti hayo wakiwa makuruta. Baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi mwaka 2020, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuyaondoa majina hayo, na Rais Donald Trump alipoikataa, wabunge waliipitisha tena juu ya kura yake ya turufu mwanzoni mwa Januari 2021. Ikaundwa tume chini ya Admirali mstaafu Michelle Howard, tume ikazunguka kambini, ikasikiliza watu, ikapendekeza majina mapya, nayo yakaanza kutumika mwaka 2023. Miaka miwili baadaye utawala mwingine ukayang’oa. Sheria bado inakataza kuwaenzi waasi, hivyo njia iliyobaki ilikuwa kuwatafuta wanajeshi wengine waliobahatika kuitwa Bragg, Benning, Hood, Lee, Gordon, Polk, Rucker, Pickett na Hill.

Tume ilikuwa imekadiria kwamba kazi yote ya kufuta majina ya waasi jeshini, kuanzia kambi hadi mitaa na majengo, ingegharimu dola milioni 62.5. Sitasema mengi juu ya fedha, maana nchi inayotumia fedha nyingi kiasi kile kwa jeshi lake haishindwi na gharama za vibao. Ninachokitazama ni watu walioingizwa na kutolewa.

Chukua Fort Lee ya Virginia, iliyobeba jina la Robert E. Lee, mkuu wa majeshi ya waasi. Mwaka 2023 iliitwa Fort Gregg-Adams. Charity Adams alikuwa mwanamke mweusi aliyeongoza kikosi cha wanawake weusi kilichopelekwa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili kupanga barua za wanajeshi zilizokuwa zimerundikana bila kuwafikia wenyewe. Arthur Gregg alikuwa jenerali wa ugavi na lojistiki, na kijana wa zamani wa kambi hiyo hiyo, ambako akiwa ofisa mpya hakuruhusiwa kukanyaga klabu ya maofisa kwa sababu ya rangi yake. Alihudhuria sherehe ya kibao kipya akiwa na miaka 94, na akafariki Agosti 2024, kabla hajashuhudia jina lake likishushwa. Sasa kambi inaitwa tena Fort Lee, safari hii kwa heshima ya Fitz Lee, askari mweusi wa kikosi cha farasi aliyepata nishani ya juu kabisa kwa kuwaokoa majeruhi huko Cuba mwaka 1898. Ukimtazama Fitz Lee peke yake, hakuna mwenye haki ya kumpinga. Alistahili kambi tangu zamani. Lakini hakuitwa kwa sababu alistahili. Aliitwa kwa sababu aliitwa Lee. Shujaa wa kweli ametumiwa kama kiraka.

Fort Benning nayo ilikuwa imebadilishwa kuwa Fort Moore, kwa jina la mume na mke, Hal na Julia Moore. Mume aliongoza mapigano ya bonde la Ia Drang, Vietnam, mwaka 1965. Mke alibaki nyumbani na familia za askari, na aliona jinsi taarifa za vifo zilivyokuwa zikiletwa: dereva wa teksi anafika mlangoni, anamkabidhi mke wa askari telegramu, anaondoka. Julia Moore alianza kuzifuata telegramu hizo mwenyewe, akaketi na wajane, akahudhuria mazishi, na akalisumbua jeshi mpaka likaweka utaratibu wa kumtuma ofisa na kasisi. Kwangu mimi hilo lilikuwa jina bora kuliko yote tisa, kwa sababu liliingiza kwenye kibao cha kambi ile sehemu ya vita inayotokea jikoni na barazani. Limeondolewa, na mahali pake pamewekwa jina la Koplo Fred Benning wa Vita Kuu ya Kwanza, ambaye naye hakutenda baya lolote.

Hata hivyo simwungi mkono Afande moja kwa moja anapodharau mapenzi ya watu kwa kibao. Hapa kwetu kijana aliyepitia JKT hujitambulisha kwa operesheni yake, yaani jina la kundi aliloingia nalo, na watu wawili wasiojuana wakigundua kwamba wote ni wa Operesheni Magufuli, au Operesheni Kikwete, mazungumzo hubadilika papo hapo na soda huagizwa. Waliosoma Mazengo wanasema mpaka leo kwamba wamesoma Mazengo, ingawa tangu mwaka 2007 eneo la shule hiyo ni Chuo Kikuu cha St John’s. Basi naelewa kwa nini askari wa miavuli aliyevuja jasho miaka ishirini Fort Bragg, pengine bila hata kumjua Braxton ni nani, anahisi kwamba anayemfutia jina hilo anamfutia ujana wake. Hisia hizo ni za kweli, lakini hazimpi kauli ya mwisho. Askari mweusi aliyepigia saluti bendera kwenye kambi yenye jina la mtu aliyepigana ili babu yake abaki mtumwa alikuwa naye na ujana wake pale pale.

Sasa tuje nyumbani, maana Tanzania ilishayafanya haya kabla ya Marekani, na kwa kelele chache zaidi.

Tulipopata uhuru, jeshi letu liliitwa Tanganyika Rifles na kambi yake kuu, Dar es Salaam, iliitwa Colito. Batalioni ya pili ilikuwa Tabora, katika kambi iliyoitwa Kalewa. Ni Colito ambako maasi ya wanajeshi yalianza tarehe 20 Januari 1964, wakidai mishahara bora na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza, mpaka makomando wa Uingereza wakaitwa kuyazima. Jeshi lile likavunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa JWTZ. Kambi ya Colito ikapewa jina la Lugalo, mahali katika nchi ya Uhehe ambapo tarehe 17 Agosti 1891 mashujaa wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Wajerumani na kumuua kamanda wake, Emil von Zelewski. Kambi ya Tabora ikapewa jina la Milambo, mtemi wa Unyamwezi. Nchi mpya ilitaka jeshi lake lijihesabu kuwa limetoka Lugalo, wala si kwenye vitabu vya Mfalme wa Uingereza.

Ni uamuzi ninaoukubali, lakini kila ninapopita mbele ya Lugalo kwenye barabara ya Bagamoyo huwaza kile tulichokiacha nyuma. Colito ni mahali Ethiopia. Mei 1941 walipigana pale dhidi ya Waitaliano askari wa King’s African Rifles (KAR), jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, na batalioni iliyokuwapo ilikuwa ya Tanganyika, ya vijana wetu. Nishani ya Victoria Cross ya siku ile alipewa Sajenti Nigel Leakey, mlowezi kutoka Kenya, aliyerukia kifaru cha adui na kukifungua kwa juu, kisha akaendelea kuvifuata vingine kwa miguu, akiwa na askari Waafrika wachache, mpaka akauawa. Majina ya hao waliokuwa pamoja naye huwezi kuyasikia popote. Kalewa nayo ni mahali Burma, kando ya mto Chindwin, palipofikiwa na divisheni ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 1944 baada ya kupita bonde lenye matope na malaria. Waingereza waliyaweka majina hayo kwa faida ya fahari yao, hilo sina shaka nalo, lakini damu iliyoyaleta sehemu kubwa ilikuwa yetu. Tulipovishusha vibao vya Colito na Kalewa tuliushusha pia ukumbusho pekee wa hadharani ambao babu zetu wa KAR walikuwa nao kambini. Jenerali David Musuguri, aliyefariki mwaka 2024 baada ya kuishi zaidi ya karne moja, alijiunga na KAR mwaka 1942 na akaja kuwa Mkuu wa Majeshi wa JWTZ. Katika maisha ya mtu mmoja majeshi hayo mawili hayakutengana kama yalivyotengana kwenye vibao.

Nilipolisema hili kijiweni, mzee wa Kigogo aliyekuwa kimya muda wote aliweka kikombe chini akasema: “Na mimi je, mwanangu, niliyezaliwa upande wa Ruaha? Huyo Mkwawa wenu babu zangu hawakumjua kama shujaa. Walimjua kwa ng’ombe waliokwenda bila kurudi.” Kijiwe kizima kilicheka, na Mhehe mmoja anayeuza vitunguu jirani akajibu kwamba ng’ombe wenyewe walikuwa wamekonda. Vita vya Wahehe na Wagogo vimegeuka utani siku nyingi, na hapo ndipo bahati yetu ilipo. Lakini hoja ya mzee ilikuwa nzito. Kabla ya Mjerumani kufika, majeshi ya Uhehe yalikuwa yakivuka kuja kuteka mifugo Ugogo, na shujaa wa taifa aliyetundikwa ukutani Iringa ni mvamizi katika simulizi za Mvumi, huko Ugogo. Marekani nao wanalo la namna hii, ingawa hawalitazami: Fort Gordon ya leo imepewa jina la Gary Gordon, sajenti aliyeuawa Mogadishu tarehe 3 Oktoba 1993 akiwalinda marubani wa helikopta iliyoangushwa. Ni ushujaa usio na shaka. Msomali aliyepoteza ndugu siku ile ile, na waliokufa upande wao walikuwa mamia, ana haki ya kulisoma jina hilo kwa namna nyingine.

Kwa sababu hiyo nimefikia msimamo kwamba kambi ni bora ipewe jina la mahali palipopiganiwa kuliko jina la mtu. Lugalo imetusaidia kwa namna ambayo kambi iitwayo Mkwawa isingetusaidia. Mahali hapawi na tabia za kuchunguzwa, hapana ng’ombe walioibwa wala wake walioteswa, na muhimu zaidi panawachukua wote waliokuwapo, mwenye mkuki na aliyembebea maji. Mzee wa Kigogo mwenyewe alikiri kwamba Lugalo haimkeri, kwa sababu siku ile aliyepigwa alikuwa Mjerumani. Jeshi lenyewe, kwa desturi yake, limeelekea huko huko: vikosi vinatajwa kwa namba, kama 834 KJ ya hapa Makutupora, na mwananchi huongeza jina la kijiji, basi. Yapo majina ya watu, kwa mfano kambi ya Twalipo, Dar es Salaam, yenye jina la Jenerali Abdallah Twalipo aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1974 hadi 1980, wakati wa Vita vya Kagera, na sioni kwamba yamemdhuru mtu. Ila kadiri majina ya watu yanavyozidi ndivyo foleni ya wanaosubiri zamu inavyokua, na foleni hiyo hupangwa kwa vyeo. Hapa kwetu sijawahi kuona kambi ya koplo.

Jambo hili linatuhusu zaidi sisi wa Dodoma kuliko wengine, kwa sababu mji huu sasa unajengwa na kupewa majina kwa wakati mmoja. Wizara ziko Mtumba, Makao Makuu ya jeshi yameelekezwa Kikombo, barabara zinakatwa maporini kabla hazijapata vibao, na soko, hospitali na uwanja hupewa jina la kiongozi kabla rangi haijakauka. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, viongozi huweka silaha za asili na mashada kwenye mnara, na kwa saa moja hivi nchi huwakumbuka wasio na majina. Kesho yake majina yanayogawiwa ni ya wakubwa.

Nilimuuliza Afande angechagua jina gani kama kambi mpya ingejengwa upande wa Chamwino na yeye akapewa kalamu. Hakufikiri. “Kyaka,” alisema. Kyaka ndiko kwenye daraja la mto Kagera lililolipuliwa na majeshi ya Idi Amin mwanzoni mwa Novemba 1978 ili tusivuke, na ndiko askari wetu walikovukia walipoanza kumrudisha adui kwao. Alieleza jinsi maji ya Kagera yanavyokwenda kwa kasi na rangi yake ya udongo, jinsi vijana wengi wa bara wasiojua kuogelea walivyoyatazama usiku, na jinsi maagizo yalivyotolewa kwa kunong’ona, mwanamgambo bega kwa bega na askari wa kawaida. Akakumbusha kwamba Musuguri mwenyewe walimwita Jenerali Mutukula, kwa jina la mji wa mpakani. “Ona,” alisema, “hata mkubwa alichukua jina la mahali. Mahali hapakuchukua jina lake.”

Mimi nilikuwa na pendekezo la pili, na hapo hatukuelewana. Vita Kuu ya Kwanza ilipita juu ya nchi hii ya kati kama moto wa kiangazi. Mei 1916 majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck na ya Waingereza yalipambana Kondoa, na mwishoni mwa Julai Waingereza wakaingia Dodoma. Pande zote mbili zilichukua ng’ombe, zilichukua nafaka, na zilichukua wanaume wa kubeba mizigo, ambao wengi wao walikufa njiani kwa kuhara na uchovu bila kumwona adui. Mvua zilipokosekana, Ugogo haukuwa na akiba wala mikono ya kulima, ikaja njaa ya Mtunya iliyodumu kuanzia 1917 hadi karibu 1920 na kuua maelfu. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 inawataja wapagazi hao kwenye maandishi yake, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini anayeonekana juu ni mwenye bunduki. Nikasema kwamba kambi ya ugavi hapa Dodoma, kama itahitaji jina, iitwe Wapagazi.

Afande alitikisa kichwa. Alisema askari hawezi kwenda vitani akijiita mpagazi, kwamba jina la kambi linaimbwa kwenye mchakamchaka na linapaswa kumpandisha kuruta mori, na kwamba wale watu walilazimishwa, hawakupigania nchi yao. Nilimjibu kwamba hata KAR hawakupigania nchi yao, na kwamba jeshi lisilokula halipigani, jambo ambalo Arthur Gregg, mtu wa ugavi, alilijua vizuri kuliko majenerali wengi. Mzee wa Kigogo alikuwa upande wangu, labda kwa sababu ya babu zake, labda kwa sababu kahawa nilikuwa nimelipa mimi. Mwuza vitunguu alitaka kambi iitwe Lugalo ya Pili. Afande hakubadili msimamo, nami sikubadili wangu, na kijana mwenye simu akasema kwamba kwa vyovyote vile kambi itaishia kuitwa kwa jina la kijiji kilichokuwapo.